Maswali yanayoulizwa sana kuhusu seli ya mnyama na oganeli zake

Nimekuwa nikiwaelekeza wanafunzi wa baiolojia kwa muda sasa, na kwenye mada ya seli maswali yanayokuja ni yaleyale, yanabadilika sura tu. Wengi wanakuja na jedwali lao safi kabisa, upande mmoja jina la oganeli upande wa pili kazi yake, wamelikremu mpaka basi, halafu mtihani unauliza "kwa nini seli ya kongosho ina retikulamu nyingi kuliko seli ya ngozi" na hapo ndo jedwali linakataa kuongea. Kwa hiyo majibu ya hapa chini sijayapanga kama jedwali. Mengine marefu, mengine mstari mmoja, kutegemea na swali lenyewe linabeba nini.

Oganeli ni kitu gani hasa?

Ni sehemu ndani ya seli yenye umbo lake na kazi yake, kama vile mwili ulivyo na ini na figo. Seli ya mnyama ina utando kwa nje, kiini ndani, na katikati kuna saitoplazimu ambamo oganeli nyingine zote zimekaa. Nyingi zimefunikwa na utando wao wenyewe na hiyo ndo siri yenyewe, kwa sababu utando unaruhusu kazi zinazopingana zifanyike ndani ya seli moja bila kuingiliana, huku asidi inameng'enya vitu na pembeni kidogo tu protini mpya zinajengwa.

Seli ina ukubwa gani? Mbona kwenye hadubini ya shule sioni hizo oganeli zote za kwenye kitabu?

Seli nyingi za mnyama zina upana wa kama maikromita 10 hadi 30. Milimita moja ni maikromita 1000, kwa hiyo zipange mwenyewe kichwani uone ngapi zinaenea. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ni ndogo zaidi, maikromita 7 hadi 8. Yai la binadamu ni kubwa, linafika kama milimita 0.1, na ukiwa na macho mazuri unaweza kuliona kama kinukta. Halafu kuna seli za neva zinazoanzia karibu na uti wa mgongo zikapeleka mkia wake mpaka kwenye mguu, hizo zinaweza kufika urefu wa kama mita moja ila ni nyembamba kiasi kwamba bila hadubini huzioni.

Sasa kuhusu hadubini. Ile ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi, hata uongeze lenzi vipi, unapata tu ukungu mkubwa zaidi. Ribosomu, ile oganeli ndogo inayojenga protini, ina kama nanomita 25 hadi 30. Kwa hiyo huwezi kuiona, hamna namna. Ukichukua seli za ndani ya shavu ukaziweka rangi ya bluu ya methilini, utaona kiini kimekolea rangi, saitoplazimu iliyopauka na mstari wa pembeni ambapo utando upo, basi. Rangi ile inashika sana kwenye asidi nukleiki, yaani DNA na RNA, ndo maana kiini kinakuwa cheusi kuliko sehemu nyingine. Nasema hivi kwa sababu kuna watu kwenye ripoti ya praktiko wanachora Golgi (oganeli ya kurekebisha na kupanga protini) na ribosomu eti wameziona, mwalimu anajua fika umenakili kitabuni.

Picha za ndani kabisa zimetoka kwenye hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliitengeneza Ujerumani mwaka 1931, ila kuitumia vizuri kwenye seli kulikuja baadaye, miaka ya 1940 na 1950.

Nani aligundua seli?

Robert Hooke ndo aliyetoa jina, 1665, akiangalia kipande cha gome la mti wa koki. Angalia lakini, alichoona ni kuta tupu za seli za mmea zilizokufa, sio seli hai. Antonie van Leeuwenhoek alikuja kuona viumbe hai vya seli moja miaka ya 1670. Robert Brown akakipa kiini jina lake mwaka 1831, Theodor Schwann mwaka 1839 akasema wanyama nao wamejengwa kwa seli kama mimea, na Rudolf Virchow mwaka 1855 akashikilia kwamba kila seli inatoka kwenye seli nyingine. Ukiwa na majina hayo matano unatosha, usijichoshe.

Utando wa seli ni kama ngozi tu ya kufunika?

Ungekuwa wa kufunika tu seli ingekufa, maana isingeingiza kitu wala kutoa kitu. Utando una unene wa kama nanomita 7 hadi 10 na umejengwa na tabaka mbili za fosfolipidi. Kila fosfolipidi ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, ukizimwaga kwenye maji zinajipanga zenyewe, vichwa nje mikia ndani, hakuna anayezipanga. Katikati yake kuna protini zimechomekwa, na kwenye seli za wanyama kuna kolesteroli pia, inayosaidia utando usilegee sana kukiwa na joto na usikakamae kukiwa na baridi. Watu wanasikia kolesteroli wanawaza magonjwa ya moyo, kumbe bila hiyo utando wako hausimami.

Mwaka 1972 S. J. Singer na Garth Nicolson walitoa modeli ambayo mpaka leo ndo inafundishwa, kwamba utando ni kama kimiminika na hizo protini zinaelea humo, zinatembea upande kwa upande. Kwa hiyo ule mchoro wa kitabuni unaoonekana kama ukuta wa matofali yaliyogandishwa unadanganya kidogo.

Kupita sasa: oksijeni na kaboni dayoksaidi zinapenya zenyewe kwa sababu ni ndogo na hazina chaji. Glukosi ni kubwa na inapenda maji, haipenyi, inahitaji protini ya kuipitisha. Ioni nazo hivyohivyo. Na kuna pampu ya sodiamu na potasiamu, inatoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani kila mzunguko, na inakula ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa sababu inasukuma vitu kutoka kulikopungua kwenda kulikojaa. Hizo namba 3 na 2 zinaulizwa sana, usizigeuze.

Kwa nini chembe ya damu inapasuka ikiwekwa kwenye maji matupu lakini seli ya mmea haipasuki?

Maji yanaingia kwenye zote mbili kwa osmosisi, yaani yanapita kwenye utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Seli ya mmea ina ukuta mgumu kwa nje, inavimba mpaka ukuta unaisukuma irudi, inatulia. Ya mnyama haina ukuta, inavimba, inavimba, inapasuka. Ukiiweka kwenye chumvi nyingi inakunjamana. Ndo maana dripu ya chumvi wanayowekewa wagonjwa ina chumvi asilimia 0.9, hapo maji hayana sababu ya kukimbilia ndani wala nje.

Ukuta wa seli na utando wa seli si kitu kimoja?

Hapana! Seli ya mnyama haina ukuta, nukta. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza alama nne kwenye mchoro mmoja kwa kuandika "ukuta wa seli" kwenye seli ya shavu, na nilikuwa najua tofauti, ni mkono tu uliteleza na mwalimu hakutaka kusikia maelezo. Mmea una vyote viwili, utando uko ndani ya ukuta.

Saitoplazimu na saitosoli?

Saitosoli ni kile kimiminika kizito peke yake. Saitoplazimu ni saitosoli pamoja na oganeli zote, yaani kila kilicho ndani ya utando ukiondoa kiini. Na sio maji tu yamekaa bure, hatua ya kwanza ya kuvunja glukosi, glaikolisisi, inafanyika kwenye saitosoli, wengi wanaiweka mitokondria (oganeli inayotoa ATP nyingi) wanakosa.

Kiini ni ubongo wa seli?

Huo mfano naushindwa kuupenda. Ubongo unaamua, kiini kinatunza maelekezo, na seli yenyewe kupitia ishara zinazotoka nje na ndani ndo inachagua ni maelekezo gani yasomwe saa hii. Seli ya ini na seli ya neva za mwili wako zina DNA ileile, tofauti ni kurasa zipi zimefunguliwa.

Kiini kimefungwa na tando mbili, sio moja, na zina vitundu. Vitundu hivyo sio matobo tu, ni protini nyingi zimejipanga kuwa geti linalochagua nani apite. RNA ya ujumbe, yaani nakala ya maelekezo ya DNA, inatoka, protini zinazohitajika ndani zinaingia, DNA yenyewe haitoki. Ndani yake kuna nyukliolasi, sehemu iliyokolea ambapo vipande vya ribosomu vinaandaliwa, na seli inayojenga protini nyingi mara nyingi utaikuta na nyukliolasi kubwa.

Na hapa pananishangaza kila mara: DNA ya seli moja ya binadamu ukiinyoosha yote kutoka kromosomu 46 inafika kama mita 2, na imekaa kwenye kiini chenye upana wa maikromita 6 hivi. Inawezekana kwa sababu imezungushiwa kwenye protini zinazoitwa histoni kama uzi kwenye kigingi, halafu ikakunjwa tena na tena.

Seli ikitolewa kiini inakufa palepale?

Sio palepale. Chembe nyekundu ya damu ya mamalia inatupa kiini chake wakati inakomaa, inatupa na mitokondria pia, inabaki mfuko wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na bado kwa binadamu inaishi kama siku 120. Isichoweza ni kujirekebisha, kutengeneza protini mpya wala kugawanyika. Ndege wao chembe nyekundu zao zina kiini, kwa hiyo usiandike "chembe nyekundu zote za wanyama hazina kiini". Na upande wa pili kuna seli za misuli ya mifupa, moja inakuwa na viini vingi.

Nitazikumbukaje zote bila kuzichanganya?

Acha kukariri moja moja, fuata safari ya protini. Hili ndo jibu ninalotaka ubaki nalo hata kama mengine utayaruka.

Chukua insulini. Maelekezo yako kwenye DNA ndani ya kiini. Yananakiliwa kuwa RNA ya ujumbe, nakala inatoka kwenye kitundu cha kiini, inakutana na ribosomu kwenye saitosoli. Ribosomu inaanza kusoma na kuunganisha asidi za amino, na kile kipande cha kwanza kinachotoka kina alama inayosema "mimi ni wa kwenda nje", basi ribosomu inapelekwa ikajibandike kwenye retikulamu endoplazimu, ule mtandao wa mifuko na mirija ya utando, na protini inasukumwa ndani ya retikulamu huku bado inajengwa. Kwa hiyo zile ribosomu zilizobandika sio aina nyingine, ni zilezile, kazi tu ndo imezipeleka pale. Ndani ya retikulamu protini inakunjwa ipate umbo, ikikunjwa vibaya inarudishwa na kuharibiwa. Ikiwa sawa inafungwa kwenye kifuko kidogo cha utando, kifuko kinasafiri mpaka Golgi, kinaungana nayo, protini inapita tabaka kwa tabaka ikiendelea kurekebishwa na kupangwa kulingana na inakokwenda, inatoka upande wa pili ndani ya kifuko kingine. Kifuko kinasubiri. Sukari ya damu ikipanda kinasogea kwenye utando wa seli, kinaungana nao, insulini inamwagika nje.

Umeona? Kiini, ribosomu, retikulamu, Golgi, kifuko, utando, vyote kwa mstari mmoja, na hakuna ulichokariri. Nishati ya safari nzima inatoka mitokondria, na vifuko vinavutwa juu ya nyuzi za saitoskeletoni, yaani kiunzi cha ndani ya seli, havielei kama majani mtoni.

Safari hii haikubuniwa tu. George Palade na wenzake walitumia seli za kongosho, wakazipa asidi za amino zenye mionzi kwa dakika chache halafu wakaacha, wakawa wanaangalia mionzi iko wapi kwa nyakati tofauti. Mwanzo ikaonekana kwenye retikulamu yenye ribosomu, baada ya dakika kadhaa ikawa imehamia Golgi, ikifika kama saa 2 ipo kwenye vifuko vya kutolea. Palade, Albert Claude na Christian de Duve walipata Nobel pamoja mwaka 1974.

Ribosomu ni oganeli kweli? Haina utando.

Inategemea kitabu chako, ukiambiwa "oganeli zenye utando" usiiweke, ukiambiwa "oganeli" tu wengi wanaikubali. Ina vipande viwili, 60S na 40S, vikiungana inakuwa 80S. Najua utauliza mbona sio 100. S inapima kasi ya kuzama kwenye mashine ya kuzungusha, sio uzito, na kasi inategemea na umbo pia, kwa hiyo hazijumlishwi. Za bakteria ni 70S, na tofauti hiyo ndo inayofanya baadhi ya antibaiotiki ziue bakteria bila kugusa sana ribosomu zako.

Retikulamu laini inafanya nini? Kila mtu anaongelea ile yenye ribosomu.

Inatengeneza lipidi na homoni za steroidi, kwenye ini inasaidia kuvunja sumu na dawa, na kwenye misuli inatunza kalsiamu inayoachiwa ili msuli ujikaze. Kwa hiyo seli za korodani zinazotengeneza testosteroni zimejaa ya laini, seli za kongosho zimejaa ya ribosomu. Hilo ni swali la mtihani limeshajijibu.

Golgi ni kifupi cha nini?

Sio kifupi, ni jina la mtu, Camillo Golgi wa Italia aliyeiona mwaka 1898 kwenye seli za neva, ndo maana unaiandika kwa herufi kubwa. Kwa miaka mingi baadhi ya watu walibisha wakasema ni uchafu wa rangi tu uliojichora, mpaka hadubini ya elektroni ilipoonyesha zile tabaka zilizopangana.

Mitokondria ni "nyumba ya umeme" ya seli. Nikiandika hivyo napata alama?

Ukiandika hivyo tu hupati, au unapata nusu kwa huruma. Eleza inafanyaje.

Ina tando mbili. Wa nje umenyooka, wa ndani umekunjwa makunjo mengi yanaitwa krista, na ndani kabisa kuna uji unaoitwa matriksi. Kwenye matriksi mabaki ya chakula yanamaliziwa kuvunjwa, elektroni zinatolewa, zinapitishwa kwenye mlolongo wa protini zilizo kwenye utando wa ndani, na kila zinapopita haidrojeni zenye chaji, protoni, zinasukumwa kutoka matriksi kwenda kwenye ile nafasi kati ya tando mbili. Zinajazana huko. Njia rahisi ya kurudi ni kupitia kimeng'enya cha ATP sinthesi, na wakati zinapita kinazunguka kweli, kinazunguka kama pangaboi, na mzunguko huo unaunganisha ADP na fosfeti kuwa ATP. Wazo hili Peter Mitchell alilitoa mwaka 1961, wengi hawakulikubali, na mwaka 1978 akapewa Nobel.

Sasa unaelewa kwa nini makunjo yapo: eneo la utando likiongezeka, vimeng'enya vinaongezeka. Na unaelewa oksijeni unayovuta inaenda wapi, iko mwisho wa ule mlolongo inapokea elektroni na kuwa maji. Sianidi inaua haraka kwa sababu inaziba hapo mwishoni kabisa, oksijeni ipo kwenye damu lakini seli haiwezi kuitumia.

Usiandike pia kwamba mitokondria "inatengeneza nishati". Nishati haitengenezwi, inabadilishwa kutoka kwenye chakula kuwa ATP.

Glukosi moja inatoa ATP ngapi, 38, 36 au 32?

Vitabu vya zamani vinasema 36 au 38, hesabu za sasa zinakuja kama 30 hadi 32 kwa sababu utando unavuja protoni kidogo na kusafirisha vitu kuna gharama yake. Kwenye mtihani fuata silabasi yako, kichwani kaa na ukweli.

Ni kweli mitokondria ilikuwa bakteria?

Ushahidi unaelekea huko kwa nguvu. Ina DNA yake ya duara, kwa binadamu ni jozi 16,569 za besi zenye jeni 37 tu, ina ribosomu zake zinazofanana zaidi na za bakteria, na inagawanyika yenyewe, seli haiwezi kuijenga kutoka sifuri. Lynn Margulis ndo aliyelipigania wazo hili kwenye makala yake ya mwaka 1967, kwamba zamani sana seli moja ilimmeza bakteria ikashindwa kummeng'enya wakaishia kuishi pamoja. Tando mbili nazo zinaingia vizuri kwenye hadithi hiyo. Jeni nyingine nyingi zilihamia kwenye kiini kwa muda mrefu, kwa hiyo leo haiwezi tena kutoka ikajitegemea. Na DNA hiyo kwa kawaida unaipata kwa mama, maana mitokondria za manii haziendelei kwa mtoto.

Jambo dogo: ule umbo la harage ni la mchoro. Kwenye seli hai mitokondria zinarefuka, zinaungana, zinakatika, muda wote. Na sio moja au mbili kama unavyochora, seli ya ini inaweza kuwa nazo kama 1000 hadi 2000.

Lisosomu ikipasuka seli inajiua?

Hii imetiwa chumvi miaka mingi. Lisosomu ina vimeng'enya zaidi ya 50 vya kuvunja karibu kila kitu, lakini vinafanya kazi vizuri kwenye pH ya kama 5. Saitosoli ina pH ya 7.2 hivi. Ikivuja moja, vimeng'enya vinajikuta mahali pasipovifaa, vinapoa. Zikivuja nyingi kwa pamoja hapo ndo kuna tatizo la kweli.

Kazi yake ya kila siku ni kumeng'enya na kutumia upya. Chembe nyeupe ya damu ikimeza bakteria inamfunga kwenye kifuko, kifuko kinaungana na lisosomu. Oganeli ikichakaa inafungwa vilevile na kuvunjwa, vipande vinarudi kutumika, huko kunaitwa otofaji, na Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha namna inavyofanya kazi. Lisosomu yenyewe iliingia kwenye vitabu mwaka 1955 kupitia Christian de Duve.

Ukitaka kuona umuhimu wake angalia kimeng'enya kimoja tu kikikosekana. Kwenye ugonjwa wa Tay-Sachs aina fulani ya mafuta haivunjwi, inajazana kwenye seli za neva za mtoto, na neva zinaharibika. Kimeng'enya kimoja.

Peroksisomu je?

Zinavunja asidi za mafuta ndefu na sumu kadhaa, na katika kufanya hivyo zinazalisha haidrojeni peroksaidi ambayo nayo ni hatari, kwa hiyo zimebeba kimeng'enya cha katalesi cha kuigeuza maji na oksijeni. Ile povu unayoiona ukimwagia haidrojeni peroksaidi kwenye kidonda ni katalesi hiyohiyo. Tofauti na lisosomu, hizi hazimeng'enyi kwa asidi.

Saitoskeletoni ni mifupa ya seli?

Mifupa haibomolewi na kujengwa upya kila dakika, hii inabomolewa. Kuna nyuzi za aktini nyembamba, nanomita 7 hivi, za kati zenye kama 10, na mirija midogo yenye 25. Mirija ndo reli za kusafirishia vifuko na ndo inayovuta kromosomu seli ikigawanyika. Sentrioli nazo zimejengwa kwa mirija hiyo, mafungu 9 ya mitatu mitatu, zinakaa mbili karibu na kiini na kusimama kama zimepishana kwa pembe mraba. Mimea inayotoa maua haina sentrioli na bado seli zake zinagawanyika vizuri, kwa hiyo usiseme bila sentrioli hakuna mgawanyiko. Silia, vile vinyweleo vidogo vya kwenye njia ya hewa, na mkia wa manii zina mpangilio wa jozi 9 pembeni na mirija 2 katikati.

Tofauti ya seli ya mnyama na ya mmea kwa kifupi?

Mmea unazidi kwa ukuta wa selulosi, kloroplasti (oganeli ya kutengenezea chakula kwa mwanga) na vakuoli kubwa ya katikati, yaani mfuko wa kimiminika. Mnyama ana sentrioli, na vakuoli zake zikiwepo ni ndogo na za muda. Akiba ya mnyama ni glaikojeni, ya mmea ni wanga. Na tafadhali: MMEA UNA MITOKONDRIA. Kila mwaka kuna mtu anaandika mmea una kloroplasti "badala ya" mitokondria, kana kwamba usiku mmea haupumui.

Namna ya kukokotoa ukuzaji, kila mara napata jibu la ajabu

Ukuzaji ni ukubwa wa mchoro gawanya kwa ukubwa halisi, na tatizo lako karibu kila mara ni vipimo. Mchoro una milimita 50, seli halisi ina maikromita 25. Ukigawanya 50 kwa 25 unapata 2, eti umekuza seli mara 2, wakati kitu cha maikromita 25 ukikikuza mara 2 bado hakionekani vizuri kwa macho, na wewe umekichora kimejaa nusu ukurasa. Badilisha kwanza, milimita 50 ni maikromita 50,000, gawanya kwa 25, unapata mara 2000, na hakuna kipimo kinachoandikwa mbele yake.